Ukikosea, Rudi Mwanzo

Lupepo,
14 Januari 2023

Mwalimu Medard,

Shikamoo. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Nsajigwa, mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa la hapa Lupepo. Ulipokuwa bado unafundisha hisabati Tukuyu ulialikwa kwenye sikukuu yetu ya mavuno, ukapiga gitaa lako ukiwa umekaa, mguu mmoja juu ya kibao. Baada yako nilipiga mimi. Tulipotoka nje ulinishika mkono wa kulia, ukaugeuza kama mtu anayekagua ndizi sokoni, ukasema, "Una mkono, lakini haujui unachofanya." Neno hilo halijanitoka.

Anwani yako nimepewa na mwalimu Generosa wa Makandana. Ameniambia umehamishiwa Singida, na kwamba simu ya mtu usiyemzoea hupokei, ila barua unajibu.

Shida yangu ni hii. Desemba tulikwenda Mbeya kwenye tamasha la kwaya. Tulisifiwa kwa sauti, halafu jaji mmoja akashika maiki akasema, "Tatizo ni gitaa. Huyu bwana anapiga kama anayejikuna mgongo." Ukumbi mzima ulicheka. Hata wenzangu wa kwaya walicheka, maana wangefanyaje? Ni kweli, Mwalimu. Napiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama marehemu baba alivyonionyesha. Mke wangu Sekela, ambaye ndiye anayeanzisha nyimbo, akifungua mdomo tu vidole vinajua pa kwenda. Mtu akiniuliza nimefanyaje, sina jibu. Waliotushinda, mpiga gitaa wao alitumia vidole vyote, na alipoulizwa alieleza.

Sekela anasema yule jaji hajawahi kuinuka kwenye kiti tangu abatizwe. Lakini aliyechekwa si Sekela.

Nifundishe, Mwalimu. Kidato cha nne nimemaliza, kusoma na kufuata maelekezo naweza. Sitaki tena kuchekwa na mtu mwenye maiki.

Ndaga fijo, asante sana kwa muda wako.

Nsajigwa


Singida,
6 Februari 2023

Ndugu Nsajigwa,

Nakukumbuka. Nitakufundisha, kwa masharti.

Tutatumia barua tu. Usinirekodie chochote kwenye simu. Kukusikia nilishakusikia, kilichobaki ni kukurekebisha, na hilo linafanyika kwenye karatasi. Mimi nilifundishwa seminarini na padri aliyekaa na rula mkononi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuniambia nimepiga vizuri. Namshukuru mpaka leo.

Kuanzia siku utakayopata barua hii usipige wimbo wowote unaoujua, uwe wa kwaya, wa harusi au wa marehemu baba. Kanisani waimbe bila gitaa mpaka Pasaka, hawatakufa. Gumba lako ndilo baya kuliko vidole vingine, kwa sababu ndilo linalojiona linajua. Lifunge kwa kitambaa, lilale kwenye kiganja, na mazoezi niliyoambatanisha uyafanye kwa vidole vitatu vinavyofuata. Kucha za mkono wa kulia ziache zikue. Hakuna sauti safi inayotoka kwenye ncha ya kidole kilichochakazwa na majani ya chai. Weka kwenye simu kile kidude kinachopiga tiki-tiki za mapigo, na usiguse uzi kikiwa kimezimwa.

Sharti la mwisho ndilo kubwa. Ukikosea, simama, rudi mwanzo. Hata kama ulikuwa umefika mstari wa mwisho. Hata kama kuna watu wanakusikiliza. Kosa ukilipita, umelikaribisha nyumbani na kulitandikia kitanda.

Utasikia watu wakisema mbinu zinaua hisia. Wasemao hivyo hawana mbinu, na hisia wanazozijua ni za kuinuka na kupiga vigelegele. Mwenye mkono uliofundishwa ana hisia pia. Tofauti ni kwamba yeye huziamuru.

Medard


Lupepo,
26 Machi 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata, na karatasi za mazoezi nimezibandika ukutani ili zisiloe. Nyumba yetu inavuja upande mmoja na mvua za huku unazijua.

Kwanza nikuambie furaha yangu. Jumanne kidole cha pete kilipiga kitu chake peke yake huku vile viwili vinaendelea na chao. Nilikuwa sijawahi kusikia. Ilikuwa kama watu wawili wanaongea ndani ya gitaa na mimi nimesimama mlangoni. Nilimwita Sekela, nikampigia tena. Akasema, "Vizuri. Ni wimbo gani?" Nikamwambia si wimbo, ni zoezi. Akarudi jikoni. Lakini mimi, Mwalimu, machozi yalinitoka. Nimepiga gitaa tangu nikiwa mdogo na sikujua kwamba ndani yake mlikuwa na chumba kingine.

Kucha zinakua. Kwa ajili hiyo sichumi chai. Sekela anachuma ya kwake na ya kwangu, na migomba napalilia kwa kuvaa soksi mkononi. Watu hawaniachi. Pale kwenye banda la kupimia chai, Lazaro, mchumaji mwenzetu, aliniita mbele ya wote: "Bibi harusi, karibu! Kucha hizo ni za sendofu au za harusi yenyewe?" Wilson, anayeimba besi, aliona kitambaa cha gumba akauliza nimeumwa na nini. Nikamwambia nimeumwa na hisabati. Walicheka, lakini safari hii nilikuwa najua ninachokifanya, kwa hiyo kicheko hakikuniuma sana.

Sasa nina swali. Sekela ana tabia ya kulivuta neno la mwisho wa mstari, analizungusha mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi, ndipo analiachia. Zamani nilikuwa namsubiri bila kujua kwamba namsubiri. Ile tiki-tiki haisubiri mtu. Juzi tulijaribu kidogo hapa nyumbani, akavuta neno kama kawaida yake, na alipoliachia mimi nilikuwa nimeshapita. Alinitazama kama mtu aliyeachwa na gari akiwa anachimba dawa kichakani.

Mama yake, Bibi Tulinagwe, alikuwa amekaa kwenye ngazi. Akasema, "Nsajigwa mwanangu, mbona unamkimbia mwenzio?"

Mimi na Sekela, nani yuko sahihi?

Mwanafunzi wako,
Nsajigwa


Singida,
18 Aprili 2023

Ndugu Nsajigwa,

Swali lako lina jibu fupi: sahihi ni yule aliye kwenye mapigo.

Jibu refu ni kwamba kile mlichokuwa mkikifanya wewe na mkeo, ambacho watu wa kanisani kwenu walikiona kitamu, kilikuwa uzembe wa watu wawili walioelewana. Anayesubiriwa hajifunzi kufika. Usimsubiri. Mara ya kwanza atakasirika, mara ya pili atalia, mara ya tatu atafika kwa wakati. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wa hisabati na sioni kwa nini mwimbaji awe kiumbe tofauti.

Kuhusu mama mkwe wako, sina maoni. Si mara yake ya kwanza kusema juu ya gitaa.

Machozi yako ya siku ile ya kidole cha pete yafute. Mtu hulilia alichokipata kwa bahati. Wewe umekipata kwa kazi.

Gumba sasa lifungue. Nimekuandikia mazoezi yake. Litakuwa zito, kama mtu aliyetoka kifungoni, na hilo ndilo ninalolitaka: lije kwenye uzi likiwa halina kiburi. Nyimbo za zamani bado usiziguse. Kwaya ikikulazimisha, piga zile nilizoziandika upya kwa nota, vilevile zilivyo, bila kuongeza chumvi.

Medard


Lupepo,
3 Septemba 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimetoka Mbeya kwenye tamasha. Nina habari mbili, na nimekaa siku nzima nikijiuliza nianze na ipi.

Jaji alikuwa yuleyule. Nilipomaliza aliinuka kwenye kiti, Mwalimu. Aliinuka! Akashika maiki akasema, "Mpiga gitaa wa Lupepo amekwenda shule. Hiki ndicho tunachokitaka." Wakanipa cheti changu peke yangu, cha upigaji bora wa ala. Nimekifunga kwenye nailoni.

Habari ya pili ni kwamba kwaya imekuwa ya mwisho. Walisema waimbaji walikuwa wanalikimbilia gitaa. Kwenye gari, tulipofika Uyole, Wilson akasema kwa sauti ya kuhubiri, "Jamani tumpongeze ndugu yetu, bingwa wa walioshindwa." Sekela alikuwa amekaa kiti cha mbele na mama mchungaji. Hakugeuka.

Kuna jambo jingine, sijamwambia mtu. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu nikajaribu wimbo niliopiga siku tunakwenda kumchukua Sekela kwao. Najua ulinikataza. Nilitaka kuona tu kama upo. Naujua mwanzo hadi mwisho, naweza kukuandikia kila sauti yake kwa nota. Lakini mkono ulikuwa unauandika, haukuwa unaupiga. Gumba lilikwenda kila mahali panapotakiwa, kwa wakati wake, na nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

Je, ule wa zamani unarudi baadaye, mtu akishamaliza mafunzo? Au ndiyo umekwenda? Nijibu hilo tu, hata kwa mstari mmoja.

Mwanafunzi wako,
Nsajigwa


Lupepo,
12 Novemba 2023

Mwalimu Medard,

Ugonile. Hiyo ni salamu tu, usiichukulie kuwa nakuombea usingizi mwema. Mimi ni Sekela, mke wa Nsajigwa. Swali alilokuuliza Septemba hukulijibu. Nalijua kwa sababu kila basi la vifurushi likifika Tukuyu anashuka kuuliza kama kuna bahasha.

Mama yangu, Tulinagwe, amefariki. Tumemzika Alhamisi.

Alipokuwa kitandani alimwambia Nsajigwa, "Siku yangu unipigie ule uliokuja nao kumchukua mtoto." Nsajigwa akaitikia. Nilimwona anaitikia.

Kwa kuwa umekaa huku miaka michache bila kuingia kwenye nyumba za watu, nikueleze sisi tunavyozika kwenye ukoo wetu. Hatufukii kimya. Wimbo unaanza, machepe yanaanza. Wimbo ukisimama, machepe yanasimama, mpaka mwingine uanze. Hivyo ndivyo marehemu anavyosindikizwa, kwa sauti, mpaka udongo ujae. Kila mtu anajua, na Nsajigwa amewapigia watu wengi hivyo kabla hajakufahamu. Baba yake alikuwa anapiga huku mvua inamtiririka shingoni na haachi.

Akaanza. Alipiga vizuri sana, hilo sikuonei. Kila uzi ulisikika. Vijana wakatupa machepe ya kwanza. Halafu kidole chake kikateleza, kwa matope au kwa baridi, kosa ambalo hata mimi nisingelijua asingekunja uso. Akasimama. Machepe yakasimama. Akarudi mwanzo.

Tukadhani ni heshima. Akafika palepale, akateleza tena. Akasimama. Akarudi mwanzo.

Mara ya tatu Lazaro alimsogelea, kwa upole, akamwambia, "Mkwe, marehemu ana haraka." Nyuma kule Wilson akasema, "Betri imekufa, msukumeni." Watu wakacheka, Mwalimu. Kwenye kaburi la mama yangu, jeneza linaonekana nusu, watu wamefunika midomo kwa kanga wanacheka.

Mimi nikaona bora nimwokoe. Nikanyanyua sauti, nikaimba, ili akikosea ajifiche kwangu. Nikafika kwenye neno la mwisho la mstari, na neno hilo ni "mama". Sauti ikakatika. Sikuwa navuta neno. Nilikuwa nalia.

Zamani angenisubiri. Angenisubiri hata mpaka jioni, gumba linatembea polepole palepale, mpaka nipate pumzi. Unajua alifanya nini? Alisimamisha gitaa, akanigeukia, akaniambia taratibu kama wewe unavyomwandikia: "Umetoka kwenye mapigo. Tuanze mwanzo."

Mjomba aliwaambia vijana wamalize bila wimbo. Mama yangu amefukiwa kimya, kama mbwa.

Sikuandikii nikuapize. Nakuomba. Najua kwa nini ulimkubali. Ile siku ya mavuno ulipiga kipande chako kirefu, na mama yangu akamuuliza jirani yake, na mama hakujua kunong'ona, "Huyu mwalimu akimaliza kutyuni nyuzi atatupigia nini?" Kanisa likaangua kicheko. Halafu Nsajigwa akapiga kwa vidole vyake viwili na wanawake wote wakainuka. Uliona. Aliyekucheka ni mama, na mama ameshalipa. Nsajigwa hakukucheka. Yeye ndiye pekee aliyetoka nje kukupa mkono.

Mwandikie neno moja: inatosha. Mimi nikilisema ni mke analalamika. Mchungaji amelisema, ikawa ni mtu asiyejua nota. Wewe ukiliandika atalitii, maana anakutii hata usipokuwepo. Anapiga mazoezi sasa hivi ninapokuandikia. Amekosea. Amerudi mwanzo.

Sekela


Singida,
1 Desemba 2023

Bi Sekela,

Pokea pole zangu kwa msiba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Una kipaji cha kueleza, na nadhani huko ndiko kwenye tatizo: mnazoea kueleza mambo kwa utamu mpaka mnasahau kuuliza kama ni sahihi. Mumeo alikosea. Aliposimama na kurudia, alikuwa anajaribu kumpa marehemu wimbo usio na kosa. Ninyi mlimtaka ampe wenye makosa, ilimradi haraka. Sioni ni nani kati yenu aliyemheshimu zaidi.

Hakuja kwangu kwa kulazimishwa. Aliomba asichekwe kwa ujinga. Sasa akichekwa, anachekwa kwa kufuata kanuni, na hilo mtu mzima anaweza kuishi nalo. Mimi nimeishi nalo.

Siku unayoisema siikumbuki. Kama ni ile ambayo umeme ulikatika, na kicheko kikaanzia benchi la pili la akina mama, chini ya dirisha lililopasuka kioo, na aliyeulizwa alikuwa amebeba mtoto mwenye kofia ya njano, basi nakuhakikishia kwamba nilikuwa nimeshamaliza kutyuni.

Neno unaloliomba nitalifikiria.

Medard


Matwebe,
20 Desemba 2023

Mwalimu,

Kwa mtu asiyeikumbuka siku, umeikumbuka mpaka kofia.

Nakuandikia kutoka kwa kaka yangu Ackson, Matwebe. Nimehamia huku baada ya ibada ya Jumapili. Kwenye mazoezi ya nyimbo za Krismasi Nsajigwa aliwaambia kwaya, mbele yangu, kwamba ametafuta mwimbishaji mwingine, mwenye kufika kwa wakati. Alilisema bila hasira. Angekuwa na hasira ningebaki.

Sikuombi tena unirudishie mume. Nakuomba umrudishie yeye mkono wake, kabla haujasahau kabisa ulikotoka. Neno ni lilelile. Stempu ni juu yangu, nimeiambatanisha.

Wala usinijibu mimi.

Sekela


Singida,
9 Januari 2024

Ndugu Nsajigwa,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya mitihani.

Nimepata taarifa za mazishi ya mama mkwe wako. Pole. Kwa jinsi nilivyoelezwa, ulifuata kanuni mahali ambapo watu wengi wangeiacha. Sijawahi kukusifu, na hapa pia sikusifu. Nasema tu kwamba nimeliona. Kosa lako halikuwa kurudi mwanzo. Kosa lako lilikuwa kwenda kule na kipande ambacho mkono ulikuwa haujakimaliza.

Kuna mtu ameniomba nikuandikie kwamba inatosha. Nimelifikiria ombi hilo kwa wiki kadhaa, kwa haki. Ningeweza kuliandika. Lakini nikiliandika nitakuwa nakuambia kwamba umefika, na wewe mwenyewe ukijisikiliza unajua hujafika. Hivyo basi, nakuachia uamue. Kama unaona inatosha, usinijibu barua hii, nami nitaelewa. Kama unaona haitoshi, nijulishe, nikutumie kitabu cha pili, maana karatasi ulizonazo ndizo cha kwanza.

Uliuliza Septemba kama upigaji wako wa zamani utarudi. Mtu aliyejifunza kusoma hawezi tena kuitazama barua akaona michoro. Sikujibu mapema kwa kuwa nilidhani jibu unalijua.

Medard


Lupepo,
4 Februari 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Haitoshi. Naomba kitabu cha pili.

Nsajigwa


Lupepo,
19 Mei 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Kitabu kilifika salama na nimekimaliza hadi ukurasa wa arobaini.

Mambo ya hapa yametulia. Jumapili napiga peke yangu kabla ya mahubiri. Hakuna anayeinuka wala kupiga kelele; wanakaa tu mpaka namaliza, na mchungaji anasema "Amina". Siku za mwanzo wengine walikuwa wanakohoa, siku hizi wanazungumza kwa chini tu. Harusini siitwi tena, wanakodi spika. Imenipa nafasi ya mazoezi. Nafundisha pia vijana wanne wa kwaya. Mmoja alikuwa na mkono mwepesi sana, mkono wa kuzaliwa nao, anapiga chochote anachokisikia. Nimemfunga gumba tangu Pasaka. Amelia kidogo lakini anaendelea vizuri.

Wanasema wewe uliniharibu. Nimewajibu kwamba kabla yako nilikuwa naongea usingizini, na mtu anayeongea usingizini anaweza kusema maneno mazuri sana, lakini si yake. Naamini hivyo. Nilikuwa naamini hivyo bila shida yoyote hadi Alhamisi iliyopita.

Nilikuwa nimekwenda Matwebe kuchukua miche ya migomba. Niliacha barabara ya juu, nikafuata njia ya chini inayopita nyuma ya nyumba ya shemeji yangu Ackson. Wanawake walikuwa barazani wanapukuchua mahindi, na wanaimba. Hawana ala, hawana wa kuwaongoza, kila mmoja anaingia anapotaka. Sekela alikuwamo. Nilisikiliza kama ulivyonifundisha. Sauti ya pili ilikuwa chini kidogo ya panapotakiwa. Mwendo uliongezeka ubeti wa tatu. Walirudia kiitikio mara moja zaidi ya inavyopaswa kwa sababu mtu alikuwa amechekeshwa na kitu. Nilihesabu makosa yote, nikawa na nia ya kuingia niwaambie, kwa wema tu.

Sikuingia. Walimaliza, wakaanza mwingine, wakamaliza, nami nimesimama kwenye njia. Alitokea mtoto wa Ackson akiwa na ndoo, akaniuliza, "Mjomba, mbona unalowa?" Ndipo nilipojitazama. Mvua ilikuwa imeninyeshea mpaka maji yanatoka viatuni, miche yote imelala matopeni, na mimi sikuwa nimesikia hata tone moja. Nimepita na masikio yaliyofunzwa kusikia kila kitu, halafu sikusikia mvua ya Rungwe.

Na kifua kinaniuma tangu siku hiyo. Si homa, nimepima.

Mwalimu, nimepekua vitabu vyote viwili. Hili halimo. Ni kosa la mkono au la sikio? Nipe zoezi lake, nitalifanya hata liwe gumu namna gani.

Mwanafunzi wako,
Nsajigwa


Singida,
2 Juni 2024

Ndugu Nsajigwa,

Kwenda Matwebe tumia barabara ya juu.

Medard